Mzinga wa Saa Saba Mchana

Mama alikuwa akiweka hina yake ndani ya mkebe wa biskuti. Mkebe wenyewe umechakaa, kingo zimeliwa na kutu na kifuniko hakikai mpaka ukipige ngumi, lakini picha iliyo juu yake bado inaonekana: jabali jeusi, ngome juu ya jabali, na chini yake nyumba ndefu za mawe zilizobanana. Mwezi uliopita alinikabidhi. Alisema mikono inamtetemeka siku hizi, hawezi tena kuchora hata ua moja likatulia, na akanionya nisije nikautupa. Nilipoufungua, harufu ya hina ilinipanda puani, na chini ya hina, naapa, nikasikia siagi. Watoto wangu wamenusa wakasema hakuna siagi yoyote, ni mimi na uzee wangu. Waache waseme. Wewe wa rika langu, uliyekua na mikebe kama hii na ukaifungua kwa tamaa ukakuta uzi na vifungo, utanielewa.

Tulikuwa tukiishi Kandara, Jedda, katika jengo lenye wapangaji kutoka kila pembe ya ulimwengu. Ilikuwa miaka ya neema ya mafuta. Mji ulikuwa ukichimbwa mchana kutwa. Unalala barabara iko hapa, unaamka imehamia kule. Mashine za kuchanganya zege zilinguruma, na vumbi la saruji liliingia mpaka kwenye sufuria ya wali, bibi akawa anasema tutakuja kugeuka kuta sisi. Kila mtu alikuwa amekuja kutafuta riziki, na kila mtu alikuwa na kwao pa kupeleka alichokipata. Sisi tulikuwa tumefika kabla ya neema, na hatukuja kutafuta. Wazee wangu walitoka Unguja baada ya ile siku ya mapinduzi, mimi sijazaliwa, wakiwa na nguo walizovaa na bibi yangu mzaa mama wamemshika mkono. Hawakuchukua picha hata moja. Nani anakumbuka picha wakati ule?

Ukimuuliza mama habari za Unguja, ghafla alikuwa akikumbuka kwamba kuna kitu jikoni. Nilijifunza mapema kutomuuliza. Bibi ndiye aliyekuwa akisema, tena bila kuulizwa, akichambua mchele au akijipaka mafuta ya miguu.

Mlango wa pili walikaa Wamisri, na binti yao, Nagla, alikuwa rafiki yangu au adui yangu, kutegemea siku. Sebuleni kwao walitundika picha kubwa ya piramidi katika fremu ya rangi ya dhahabu. Ghorofa ya chini Wayemeni walikuwa na picha ya milima yao, na mke wa fundi wa umeme, mtu wa Karachi, alikuwa na picha ya msikiti wa kwao yenye taa ndogo zinazowaka na kuzimika. Kila nilikoingia kucheza, mji wa watu ulinitazama kutoka ukutani. Ukuta wetu ulikuwa na saa na kiyoyozi.

Basi Ramadhani moja, nikiwa mwanafunzi wa madarasa ya chini, mwalimu wetu alitutangazia jambo. Abla, kama tulivyowaita walimu wote wa kike, alisema kabla ya likizo ya Idi kila msichana alete picha ya mji wa kwao, asimame mbele ya darasa auzungumzie. Picha ya atakayezungumza vizuri itatundikwa ukutani nje ya ofisi ya mkuu wa shule, wakubwa na wadogo waione. Nagla alinigeukia akatabasamu kama mtu aliyekwisha kutundikwa.

Nilimpelekea mama habari hiyo jikoni, akikunja sambusa.

"Sema wewe wa Jedda," alisema bila kugeuka. "Si ndipo ulipozaliwa?"

"Watasema si kwetu."

"Basi usiseme kitu."

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake. "Mkataa kwao mtumwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea peke yake lakini anataka asikiwe. Mama akaongeza moto, mafuta yakachemka, mazungumzo yakaishia hapo.

Jioni ile nikamwendea bibi, naye akanimwagia mji wake wote. Alisema kwetu kuna ngome kongwe ya mawe na mizinga mikubwa. Kuna nyumba ndefu zilizosimama bega kwa bega, na vichochoro vyembamba hata punda wawili hawapishani. Wanaume wanavaa vikoi, na ikiwa kuna sherehe mpiga zumari anatangulia, mashavu yamemvimba. Na Ramadhani mzinga ukilia, mji mzima unasema bismillahi kwa pamoja. Nililala nikiwa nauona. Lakini Abla alitaka picha, hakutaka ndoto za bibi.

Baba wakati huo alikuwa Riyadh. Alikuwa dereva wa greda katika kampuni ya barabara, na nyumbani alikuja mara moja moja tu, sikio moja limezibwa na mngurumo na kope zimejaa vumbi jekundu. Hadithi zake zote zilikuwa za mkubwa wake wa kazi, mhandisi mmoja aitwaye Dankani. Baba alimpenda mno. "Yule mtu wa kwetu kabisa," alikuwa akisema. "Asubuhi hanywi kahawa mpaka apate uji. Msumari uliopinda hautupi, ataunyoosha. Na ole wako umwite Mwingereza." Bibi alikuwa akicheka akisema huyo lazima ana ndugu Ng'ambu, kule kwetu Unguja. Mimi sikucheka. Mimi niliweka akilini kwamba Dankani ni mtu wa kwetu.

Kumi la mwisho baba akaja Jedda, akiwa amefuatana na Dankani kupokea mitambo bandarini. Mfukoni mwa begi lake mlikuwa na mkebe mwekundu. Dankani alikuwa ametoka likizo, na huo ndio mkebe aliomletea baba kutoka kwao. Baba aliuweka mezani, akanikonyeza, akaenda kulala.

Macho yalinitoka. Juu ya kifuniko palikuwa na ngome kongwe ya mawe. Ukutani mwa ngome mizinga ilikuwa imepangwa. Chini yake nyumba ndefu zilisimama bega kwa bega, na katikati yake vichochoro. Na mbele kabisa, mashavu yamemvimba, mwanamume aliyevaa kikoi cha mirabamiraba alikuwa akipiga zumari, amebana kitu kwapani kama mtu anayemrudisha mbuzi nyumbani. Nyumba zilikuwa nyeusi, na hilo lilinipa taabu kidogo, maana bibi alisema za kwetu ni nyeupe za chokaa. Kisha nikakumbuka jinsi wakubwa walivyokuwa wakishusha sauti wakifika kwenye ile siku, nikajijibu mwenyewe kwamba ziliungua. Nilizionea huruma. Halafu nikaukumbatia ule mkebe, nikaruka ruka peke yangu sebuleni, kwa sababu mji wetu ulikuwepo kweli na nilikuwa nimeupata.

Sikumwonyesha mama, nilijua angekwenda jikoni. Bibi macho yalikuwa yamekwisha ingia ukungu, picha haoni. Baba nilimwuliza swali moja tu, naye usingizini: "Baba, ule mzinga wa ngomeni bado unapigwa?"

"Kila siku," alinung'unika. "Saa saba mchana, isipokuwa Jumapili. Dankani ndiye aliyeniambia. Haya, nenda."

Saa saba mchana! Hapa lazima nikueleze hali yangu mwezi ule. Mimi nilikuwa nafunga nusu siku, kama watoto wetu wanavyozoezwa. Ikiadhiniwa adhuhuri bibi alikuwa akinipa tende na maji, ananiambia nusu ya leo na nusu ya kesho tutazishona pamoja. Nagla alikuwa anafunga siku nzima na hakuacha kunikumbusha. Kumbe kwetu mji mzima, pamoja na mashekhe na wapiga zumari, wanafunga kama mimi! Wanafungua saa saba mchana kwa mzinga, tena Jumapili wanapumzika kabisa. Nilijiona mtu wa ukoo mkubwa. Usiku ule nilikula daku kwa furaha tu, sikuwa hata na njaa.

Siku ya kusimama, Nagla alitangulia. Alisema vizuri, siwezi kumdhulumu. Nami nikaja mbele nimebeba mkebe kwa mikono miwili, nikauweka juu ya meza ya Abla, nikaanza. Nikataja ngome na mizinga. Nikataja vichochoro na punda. Nikawaeleza kikoi, nikawaeleza zumari, nikawaambia nyumba zimeingia moshi kwa sababu ya msiba uliotupata. Darasa zima walikuwa wameshika mashavu. Nikaona nimalizie na lile kubwa.

"Na kila siku saa saba mchana mzinga unalia," nikasema, "watu wote wanafungua. Isipokuwa Jumapili, hawafungi."

Abla aliinua nyusi. Akauchukua mkebe, akausogeza karibu na miwani. Lakini Nagla, ambaye kaka yake alikuwa amemfundisha herufi za kigeni, alikwisha simama.

"Abla, pameandikwa Edinburgh! Ni Uskoti! Ni kwa Wazungu!"

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka bandarini. Abla aligonga meza. Hakuwa mtu mbaya; aliniinamia akaniuliza kwa upole kwetu ni wapi hasa, nikamwambia Unguja. Akasema basi nilete picha ya Unguja kesho, ndiyo siku ya mwisho.

"Hatuna, Abla."

"Kila mtu ana kitu cha kwao, binti yangu. Watafute nyumbani."

Tulipofika kwenye ngazi za jengo letu, Nagla alinipita akasema, "Kwenu ni kwenye biskuti." Nimesikia matusi mengi tangu hapo, mengine kwa lugha nisizozijua, na hakuna lililoniingia kama lile. Halikuwa suala la kushinda tena. Nilitaka kujua kama tuna kwetu au hatuna.

Nyumbani nilimwaga kila kitu kwa machozi. Bibi alicheka mpaka kanga ikamwanguka begani. "Saa saba! Mji mzima wanafunga kitoto!" Mama hakucheka. Alifuta mikono, akauchukua mkebe kwa mara ya kwanza, akautazama muda mrefu. Kidole chake kilipita juu ya ukuta wa ngome, juu ya madirisha.

"Hii si kwetu," alisema. Akaurudisha mezani, akaingia jikoni.

Jioni ile ile Dankani alialikwa futari. Kwa desturi yetu mgeni mwanamume anakaa sebuleni na baba, na wanawake wanakaa chumba cha pili, katikati pazia. Mimi kwa kuwa mtoto nilikuwa na ruhusa ya pande zote mbili, nikipeleka sahani na kurudisha maneno. Dankani alikuwa mtu mrefu mwekundu, magoti yake yalikuwa yanamsumbua pale kwenye busati, hajui ayaweke wapi. Tukangoja. Mzinga wa Jedda ulipolia, baba alisema bismillahi akachukua tende, na Dankani, badala ya kuchukua tende, aliinua mkono akatazama saa yake.

Baba akacheka. "Katazama saa! Mazoea ya kwao," aliwaeleza wa nyuma ya pazia. Baba alikuwa na Kiingereza cha shule za zamani, na Dankani alikuwa na Kiarabu cha maneno matatu, yalla na halas na mafi; kwa hivyo viwili walikuwa wanajenga barabara nzima. Ukaja uji wa ngano. Dankani akakishika kibakuli kwa furaha, akaonja, akaomba chumvi.

"Chumvi?" sauti ya bibi ikatoka nyuma ya pazia. "Uji wa chumvi? Mwambie huyo nduguyo anaumwa."

Mimi sikuwa na hamu ya uji. Nilimwekea Dankani mkebe wake mapajani, nikamwambia baba amwulize kwa nini wanapiga mzinga saa saba kama hawafungi. Baba akaeleza kisa chote cha darasani. Nilitegemea Mzungu naye atacheka. Hakucheka. Aliifuta ile picha kwa kiganja, akaniita nikae karibu, akaanza kunionyesha kwa kidole.

Alisema jabali hilo zamani sana lilikuwa mlima wa moto, likapoa, na watu wakapanda juu yake kujificha na maadui. Ngome imetekwa na kukombolewa mara nyingi hata mawe yenyewe hayajui ni ya nani. Mji ulizungukwa na ukuta, kwa hiyo watu walipozidi hawakuwa na pa kwenda ila juu, wakajenga ghorofa juu ya ghorofa, tajiri na maskini katika ngazi moja. Nyumba hazikuungua, ni moshi wa makaa ya mawe wa miaka na miaka. Mzinga ulikuwa kwa ajili ya manahodha, ili meli zilizoko bandarini zirekebishe saa zao. Na kwa Wazungu saa saba ni saa moja, alieleza baba, kwa hiyo wanapiga mzinga mmoja tu. Wangechagua adhuhuri ingebidi wapige kumi na mbili, na watu wa kule hawapendi kupoteza baruti.

"Kweli mtu wa kwetu," bibi akasema. "Mwulize maji machafu wakimwaga wapi, na ghorofa zote hizo."

Dankani alitabasamu. Alisema walikuwa wakimwaga dirishani, wakipiga kelele kumtahadharisha apitaye.

"Alaa! Kama sisi!" Bibi alikuwa amekwisha sogea, nikaona vidole vyake chini ya pazia. Naye akamsimulia siku aliyommwagia kadhi maji ya samaki bila kukusudia. Dankani akajibu kwa habari ya mbwa mmoja wa kwao, aliyelala juu ya kaburi la bwana wake miaka na miaka mpaka naye akafa, mji ukamjengea sanamu. Bibi alistaghfiru mara tatu kwa mbwa kuwa makaburini, kisha akasema, "Miaka yote hiyo? Basi nyie mtakuja kwangu mimi?" Baba hakutafsiri hilo.

Wakaendelea hivyo, mji kwa mji, kama watu wanaocheza bao. Yeye akiweka ngome, bibi naye anaweka ngome. Yeye kichochoro, bibi kichochoro. Bibi akafika kwenye nyumba yetu, akasema ilikuwa na mlango unaotazama sokoni.

"Hautazami sokoni, mama."

Ilikuwa sauti ya mama. Baba alikishusha kikombe chake.

"Mlango unatazama msikiti mdogo," mama aliendelea, polepole kwanza. "Ukitoka unaukuta mkono wa kushoto, pana baraza, halafu kichochoro kinapinda, pana mtu anauza kashata. Harufu inakufuata mpaka skuli. Mlango wetu una misumari ya shaba, mmoja ulikuwa umeng'oka, nikiingiza kidole mule kila siku nikipita. Juu pana dirisha langu. Ukisimama kwenye dirisha langu unauona mnara wa ngome, na Ramadhani nilikuwa nauona moshi wa mzinga kabla sijasikia mlio. Kwanza moshi. Halafu mlio. Nilikuwa nasema bismillahi kabla ya mji mzima."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Aliendelea; akataja nyumba moja baada ya nyingine na watu waliokaa ndani yake. Baba aliacha kutafsiri. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ya kwao. Dankani akamgusa mkono, akamwuliza kwa sauti ndogo mama anasema nini.

"Anasema kwao," baba akamjibu.

Dankani akaitikia kwa kichwa, hakuuliza tena. Alikaa mpaka mama akamaliza, ingawa hakuelewa neno, na kwa hilo nitampenda maisha yangu yote.

Alipoondoka, mama aliniita nyuma ya pazia. Alikuwa amekoroga hina kwenye bakuli, kwa limau na majani ya chai, na kijiti chake kilikuwa tayari mkononi. Mama alijua kuchora hina, aliwapamba maharusi wachache wa jamaa zetu wa Unguja waliokuwa Jedda. Maua, vikonyo, majani. Nilidhani ananichorea maua ya Idi ili nisahau.

"Lete mikono," alisema.

Hakuchora maua. Kwenye kiganja cha kulia alichora ngome, minara yake na mizinga yake, na juu ya mzinga mmoja moshi uliojikunja mpaka kidole cha shahada. Kwenye kifundo aliweka msikiti mdogo. Vichochoro vikapanda mkononi, vinapinda, vinaachana, vinakutana, na pembeni yake nyumba moja moja, kila moja na dirisha lake. Mkono wa kushoto ulipata bahari, soko, na mtu wa kashata na sinia yake. Karibu na kiwiko cha kulia alichora mlango, akauwekea misumari, nukta nukta, akaacha nafasi ya msumari mmoja. Bibi alishika taa, akitajiwa kilichochorwa anasahihisha, na safari hii walikuwa wakibishana kwa sauti za furaha. Nilifungwa vitambaa, nikalazwa kama mtu aliyevunjika mikono yote miwili.

Asubuhi mama alivibandua vitambaa, akanipaka mafuta. Mji wetu ulikuwa mwekundu, umekoza, umenikaa mwilini.

Darasani sikubeba kitu. Nagla alinitazama mikono mitupu akaanza kutabasamu. Nilisimama mbele, nikakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, nikainyoosha.

"Hii ni Unguja," nikasema. "Wazee wangu hawakutoka na picha. Walitoka na hii."

Nikawatembeza. Nilianza mlangoni kwetu, nikatokea msikitini, nikapinda kwenye kashata, nikashuka mpaka ngomeni. Wa nyuma waliacha madawati yao wakaja mbele, Abla hakuwazuia. Mtu aliuliza ile nukta iliyokosekana mlangoni ni nini, nikasema ndimo mama alimokuwa akitia kidole. Nilipofika kwenye mzinga nilifumba kiganja, nikakifumbua mbele ya nyuso zao, na naapa mmoja alishtuka.

"Kwanza moshi," nikawaambia. "Halafu mlio."

Abla aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akautazama kwa miwani na bila miwani. "Sasa hii nitaitundika vipi?" aliuliza. Akafikiri. Kisha akanishika bega, akanipeleka nje ya ofisi ya mkuu wa shule, akanisimamisha chini ya msumari uliokuwa umetengewa picha. Muda wote wa mapumziko nilisimama pale, mikono mbele, na shule nzima ikapita kwa mstari kunitazama. Mkuu wa shule mwenyewe alitoka akaniuliza kashata ni kitu gani. Nilitundikwa mzima mzima! Piramidi hazijawahi kupata heshima ile.

Adhuhuri ilipoadhiniwa sikuisikia. Nilikumbuka njaa nikiwa kwenye ngazi za nyumbani, alasiri imeingia, nikaona aibu kufungua wakati nimekwisha fika mbali vile. Jioni ile niliketi kwenye busati na wakubwa. Mzinga ulipolia, mama aliniwekea tende mdomoni kwa mkono wake. "Hiyo nzima," bibi akatangaza kwa jengo zima, "haina mshono!"

Kesho yake mlango uligongwa. Nagla, na mamake nyuma yake. Alinyoosha mikono miwili bila kunitazama usoni, akasema anataka piramidi. Mama akamchorea piramidi, na mto, na jua. Jioni wakaja Wayemeni na milima yao. Idi ile watoto wa jengo letu tulishuka Kandara kila mmoja na mji wake viganjani, na haikupita mwaka mama alikuwa akiitwa mpaka kwenye majumba ya matajiri ya Rawdah kupamba maharusi, hina yake ndani ya mkebe mwekundu wa Dankani. Na kila harusi, mahali fulani katikati ya maua, aliacha mlango mdogo usiotimia misumari. Habari za Unguja hakuzinyamazia tena. Ilifika wakati tukawa sisi ndio tunaokimbilia jikoni.

Mwaka juzi nilimpeleka Edinburgh. Ilikuwa Ramadhani ya siku ndefu, jua la kule halina haya, linakaa mpaka watu wanakwenda kulala. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kupandisha jabali lile, mawe yakiturusharusha, nikihema, midomo imekauka, maana nilikuwa nimefunga. Mama aliniambia tangu asubuhi kwamba msafiri ana ruhusa ya kula na atalipa kwao. Mimi mbishi, nikakataa. Tulisimama ukutani mwa ngome katikati ya watalii, saa saba mchana ikikaribia. Chini yetu nyumba ndefu zilikuwa zimesimama bega kwa bega, bado nyeusi. Mtu wa kikoi alikuwa mahali fulani anapiga zumari.

Mama alikuwa akiutazama mzinga bila kupepesa. Moshi ukatoka.

"Bismillahi," alisema, kabla ya mji mzima.

Mlio ukaja, watalii wakaruka, mtoto mmoja akalia. Mama alikwisha tia mkono kwenye mkoba wake. Akatoa biskuti ya siagi, akaikata kwa vile vidole vyake vinavyotetemeka, akaniinulia nusu mpaka mdomoni.

"Haya fungua, mwanangu," alisema. "Kwenu wameshapiga mzinga."

Nikala.